Ridi ya tete au ya plastiki?

Anayeanza saksafoni achukue ridi (kijiti bapa chembamba kinachotetemeka ukipuliza na kutoa sauti) ya ugumu wa namba 2 au 2.5, namba 3 itamtoa jasho bure. Ya tete (matete mengi bora hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa) ina sauti tamu zaidi, lakini lazima uilowanishe mdomoni kwanza, na ncha yake hupasuka ikigusa shati tu. Ya plastiki hailowanishwi na hudumu miezi, ila bei yake moja yaweza kukaribia boksi zima la tete.

Kufunga ni kulekule: upande bapa ufunike dirisha la kipande cha kupulizia, ncha zilingane, kibano kinachoishika ridi kikazwe kwa vidole, kisilazimishwe. Ikipinda kidogo tu, utasikia mlio wa bata.

Mimi ningeanza na tete, tatu kwa zamu. Plastiki ibaki mfukoni kwa siku ya harusi.