Liboke tamu, sombe ya maji: nilivyokula Matonge, Brussels

Mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo kwenye mawese sina mzaha. Mwaka wa tatu sasa niko Brussels, na chipsi zao zikinichosha nashuka metro kituo cha Porte de Namur, napita Square Patrice Lumumba, naingia Matonge. Mtaa uko Ixelles, jina wameuazima kwa Matonge ya Kinshasa. Saluni za kusuka, vitenge, mikate ya muhogo iitwayo kwanga, samaki wa chumvi wanaowaita makayabu, vyote viko. Utulivu ndio hakuna.

Jumamosi iliyopita nilikaa mgahawa mmoja wa Kikongo Rue Longue Vie. Siutaji, maana nina malalamiko. Niliagiza liboke ya samaki, yaani samaki aliyepikwa amefungwa kwenye majani, fufu na sombe, yaani kisamvu, ambayo kwenye menyu wameandika pondu.

Nilisubiri saa nzima na robo! Kila nikiuliza, kijana ananijibu kwa Kifaransa kwamba samaki yuko motoni. Meza ya jirani walikuwa chupa ya tatu na hawana wasiwasi wowote. Hapo ndipo nikaelewa kuwa wenzangu wanakuja kupiga soga kwanza, kula baadaye. Ukienda na njaa kali utaumia.

Liboke ilinifanya ninyamaze. Majani yalipofunuliwa ulitoka mvuke wa nyanya, kitunguu na pilipili, samaki analainika kwa kidole, mchuzi umebaki wote mle ndani. Fufu ya muhogo na mahindi imesongwa ikasongeka, haina hata buje moja. Lakini sombe! Huku majani huja yameshatwangwa na kugandishwa, na wapishi wakiwa na haraka hayakauki vizuri. Yangu ilikuwa inaelea, mawese yamepita kwa mbali kama salamu za barua.

Nikampigia dada yangu kumlalamikia. Mara mama mmoja akachungulia kutoka jikoni: “Uko mutu ya wapi?” Kumbe yeye ni wa Uvira, ziwa letu ni moja. Hakusubiri nimalize kueleza. Alichukua bakuli, akakaa nalo kama dakika kumi, likarudi zito, jekundu pembeni, na kipande cha makayabu ambacho sikukiagiza wala sikukilipia.

Bei: liboke euro 22, sombe 6, fufu 4, soda 3. Si rahisi, ingawa samaki yule wangemla watu wawili. Mashine ya kadi ilikuwa mbovu nikalazimika kutafuta ATM mvua inanyesha, kwa hiyo beba pesa taslimu.

Wakati natoka yule mama akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, kijana asisikie: siku ingine nisiombe sombe ya leo, niombe ile iliyolala.