Kreni ya injini ya tani mbili: miezi minane bandani kwangu Fuoni

Kabla ya kreni hii, injini nilikuwa nikizishusha kwa chenibloku, ile winchi ya mnyororo ya kuvuta kwa mkono, niliyoifunga kwenye mwembe wa boribo nyuma ya nyumba. Kazi inafanyika, lakini mwembe hauhami, gari ndiyo ilifuate tawi. Na masika yakikukuta katikati ya kazi, injini inaning'inia mvuani na wewe umejibanza barazani unaitazama. Nikanunua kreni ya kukunja, iliyotumika, laki tano na nusu.

Imeandikwa tani mbili. Hapo ndipo watu wanapopigwa changa la macho, maana tani mbili ni pale mkono ukiwa umerudishwa ndani wote. Ukiuvuta mpaka tundu la mwisho, na ndiko utakakofika ukitaka kuipata injini kwa mbele ya gari, yangu inabeba nusu tani tu. Kwa injini ya gari dogo kama Suzuki Escudo yatosha na kusaza. Mwenye Land Cruiser ya dizeli, tena anataka kuitoa pamoja na giaboksi, apige hesabu kwanza.

Kilichonitesa ni magurudumu. Banda lilikuwa kifusi na mchanga. Siku ya kwanza injini iko juu, tunairudisha kreni nyuma, gurudumu moja likazama mchangani kama kina cha kidole. Basi injini ikabembea kuelekea rejeta, na mpwa wangu akanyoosha kiganja kuizuia. "Toa mkono, weye!" Kilo mia na ushei hizo, haziamriwi kwa kiganja. Tukaishusha pale pale juu ya tairi bovu, na wiki ile ile nikamwaga zege. Sasa naisukuma peke yangu.

Pampu yake sina neno nayo. Valvu ya kushushia ndiyo yataka adabu: ukiifungua kwa pupa, injini inaporomoka. Naizungusha kwa vidole viwili, kidogo kidogo, mpaka injini ikae kwenye maunti zake, yaani vishikizo vyake garini. Mwezi wa tatu sili ya pampu, ule mpira wa kuzuia oili, ikaanza kuvuja; muuzaji akanijibu "ndivyo zilivyo". Nikaibadilisha mwenyewe.

Kwa kunyanyua bodi, msiitegemee. Escudo za zamani bodi imefungwa kwa bolti juu ya chesisi, yaani fremu ya chini, na chesisi yangu ilikuwa imeliwa na kutu. Kreni inashika pahala pamoja, bodi inataka pembe zote nne. Tulipitisha boriti mbili za mkoko chini yake, jeki nne, kila mtu anapiga pampu tatu kisha anamngoja mwenzake, na magogo yanafuatia chini kila ikipanda. Asubuhi nzima hiyo, na bolti mbili tulizikata kwa msumeno kwa ukaidi wake.

Juzi jirani kaja kuiazima kreni. Uwani kwake ni mchanga mtupu, nikampa chenibloku.