Tahadhari: matawi yaliyochomekwa udongoni yanauzwa Kisumu kama miche ya mtini

Wenzangu mnaokaa nyumba za ghorofa na kupanda kwenye ndoo, kuna muuzaji anayezunguka mageti ya mitaa yetu hapa Kisumu na mkokoteni wa miche. Anatangaza mtini utakaozaa balkonini ndani ya miezi miwili. Msimpe pesa.

Jirani yangu alinunua kwake kwa shilingi 1,500. Mche ulikuwa na matunda mabichi, majani mapana, na utepe mwekundu shinani, akaambiwa hapo ndipo ulipounganishwa na shina la mti mwingine. Wiki haikuisha, majani yakanyauka na matunda yakapukutika. Mama wa watu akawa anajilaumu kwamba amezidisha maji. Tulipoumwaga udongo tukakuta tawi lililokatwa kwa panga, halina hata mzizi mmoja, limechomekwa kwenye tope jeusi la tambarare za Kano lililokauka na kulibana likasimama wima. Chini ya utepe gome lilikuwa zima, hapakuunganishwa chochote. Na mtini kwa kawaida hauhitaji kuunganishwa, huoteshwa kwa kipande cha tawi, kwa hiyo anayekupandishia bei kwa sababu hiyo mkatalie hapo hapo.

Lililoniuma zaidi ni mche wa pili. Muuzaji alimlazimisha jirani yangu anunue jozi, dume na jike, eti mmoja peke yake hauzai. Mitini ya kawaida ya kupanda nyumbani, kama Brown Turkey, huzaa bila kuchavushwa. Mmoja unatosha kabisa. Tena ule "dume" haukuwa mtini hata kidogo, ulikuwa mkuyu, ambao Wajaluo wanauita ng'owo. Muuzaji huwaambia watu ni mti wa Biblia, na ni kweli Zakayo alipanda mkuyu, lakini hizo tini unazozitaka hazitoki huko. Mkuyu ni mti wa kando ya mto, unaweza kufika mita 20 au zaidi. Uuweke kwenye ndoo balkonini kwa nyumba ya kupanga, ukingoje nini?

Angalia jani kwanza. La mtini huwa limegawanyika kama vidole, mara nyingi vitatu au vitano, na ukilipapasa linakwaruza. La mkuyu nalo hukwaruza, ila ni la mviringo, halina vidole. Utomvu mweupe usiwe ushahidi wako, maana jamii yote hiyo inao, na ukikugusa ngozi kisha ukakaa juani unaweza kuwashwa vibaya.

Halafu shika shina uvute taratibu. Mche wenye mizizi unang'ang'ania na udongo unainuka nao. Tawi la kuchomeka linachomoka. Pindua mfuko utazame matundu ya chini, mara nyingi utaona vijizizi vyeupe vikichungulia. Muuzaji akikuzuia kushika, ondoka. Na asikutie tamaa kwa matunda, kwa sababu tawi lililokatwa jana linaweza kuwa nayo bado. Mtini uliooteshwa kwa kipande huhitaji mwaka mmoja au miwili hivi ndipo uzae vizuri.

Kama unautaka kweli, nenda kwenye kitalu chenye mahali pa kudumu, muulize mwenye kitalu akuonyeshe mti mama, yaani ule miche ilikotolewa, na ulipe baada ya kukagua. Aliyekwisha kutapeliwa ahifadhi ujumbe wa M-Pesa na apige ripoti polisi. Jirani yangu alifuta wake kwa hasira, sasa hana pa kuanzia.

Tawi lako likiwa la mtini halisi na bado bichi, usilitupe. Ng'oa matunda yote, punguza majani ubakize moja dogo, kata mwisho wake upya, ulipande kwenye mchanga wenye unyevu kidogo na uliweke kivulini. Usilichomoe kila siku kutazama. Likichipua na kushika mizizi, lihamishie kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi iliyooza, upande wa balkoni unaopata jua kwa muda wa angalau saa sita kwa siku.