Kipimo cha ICU Mobility Scale: kinafaa wodini, ila kina mipaka yake

Miongoni mwa vipimo vya kukadiria uwezo wa kujongea wa mgonjwa anayepata nafuu katika chumba cha wagonjwa mahututi, ICU Mobility Scale, kilichobuniwa na wataalamu wa Australia na kuchapishwa mwaka 2014, ndicho ningekipendekeza kwanza kwa wodi yenye wahudumu wachache. Hakihitaji kifaa chochote. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani inatosha, na muuguzi wa zamu ya usiku aliyeelekezwa anaweza kukijaza sawa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Alama huanzia 0, mgonjwa akiwa amelala tu au anageuzwa na wengine, hadi 10, anapotembea mwenyewe bila kushikwa wala kutumia fimbo au fremu. Ubora wa kipimo hiki umo katika masharti ya katikati. Aliyebebwa na kuwekwa kitini pasipo kusimama hupata 2, ilhali aliyeketi ukingoni mwa kitanda akijitahidi kukaza kiwiliwili, hata kama ameshikwa, hupata 3. Kwa hiyo kiti cha asubuhi, ambacho huwafurahisha sana ndugu wanaokuja kumwona, si lazima kiwe dalili ya maendeleo. Alama 6 hudai hatua nne za papo hapo, mbili kwa kila mguu, na kuanzia 7 ni lazima aondoke kitandani kwa angalau mita 5.

Tofauti ya 7 na 8 ni idadi ya wasaidizi, wawili au zaidi dhidi ya mmoja, na hapa ndipo wahudumu hubishana kuhusu anayesukuma mtungi wa oksijeni. Kwa maoni yangu ahesabiwe yule tu anayemshikilia mgonjwa, na wodi ikubaliane hivyo mapema, la sivyo alama zitapanda na kushuka kwa kufuata zamu.

Kasoro kubwa ni kwamba kipimo hueleza mgonjwa amefika wapi bila kueleza kilichomzuia. Alama 1 inaweza kutokana na dawa za usingizi, misuli iliyonyong'onyea, au kukosekana tu kwa mtu wa kumwinua. Kwa upande wa misuli, jumla ya alama za MRC (kipimo cha nguvu za misuli), ambayo chini ya 48 kati ya 60 huashiria udhaifu, hueleza zaidi, ingawa hudai mgonjwa awe macho na afuate maelekezo. Kipimo kingine cha wagonjwa mahututi, CPAx cha London, chenye vipengele 10 na jumla ya alama 50, hupima hata kikohozi na nguvu ya kushika, lakini kifaa cha kupimia mshiko hakipatikani kila mahali.

Aidha, mwenye alama 10 bado anaweza kushindwa kupanda ngazi za nyumbani kwake, hivyo kabla ya kuruhusiwa ni vyema apimwe mwendo wa dakika 6 kwenye ushoroba mnyoofu wa mita 30, huku kiwango cha oksijeni na mapigo ya moyo vikifuatiliwa.