Wiki tatu za kula Washington na mjomba

Oktoba iliyopita mjomba wangu alinitembelea kutoka Tanga, na kabla hata hajafungua begi alishanipa sharti. "Mwanangu, makumbusho nitayaona. Lakini nataka kula wanachokula watu weusi wa huku, na nikile mahali penye mwenyewe mweusi." Naishi Silver Spring, nje kidogo tu ya Washington, mwaka wa kumi na mbili sasa, na sharti hilo lilinifurahisha kupita halua aliyoniletea. Kwa hiyo wiki tatu tulizunguka na treni, tukala. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayefika hapa na mgeni wake.

Jambo moja lijulikane mapema. Mwaka 1970 karibu asilimia 71 ya wakazi wa jiji hili walikuwa weusi. Sensa ya 2020 iliwakuta chini ya nusu. Kodi zimepanda, watu wamesukumwa kwenda Maryland na kwingineko, na migahawa yao ikafuata au ikafa. Mahali nilipopapenda kuliko kote nilipohamia huku palikuwa Horace & Dickie's ya mtaa wa 12, kaskazini mashariki: samaki mweupe wa kukaanga, vipande vimerundikwa hadi mkate hauonekani, unapokea kwenye kontena na kwenda kula umesimama nje. Palifungwa 2020 baada ya miaka 30. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema "tutakwenda siku moja" namwambia aende wiki hii.

Tulianzia Ben's Chili Bowl. Kutoka Silver Spring unapanda treni nyekundu, unabadilisha Fort Totten, unashika ya kijani hadi U Street. Toka kwa mlango wa mtaa wa 13, na duka liko mbele yako ng'ambo ya barabara. Lilifunguliwa Agosti 1958 na Ben Ali, mzaliwa wa Trinidad mwenye asili ya Kihindi aliyesoma Chuo Kikuu cha Howard, pamoja na mkewe Virginia, Mmarekani mweusi. Jengo lilikuwa ukumbi wa sinema zisizo na sauti. Mwaka 1968, Martin Luther King alipouawa na mtaa huu ukawaka moto, wao waliruhusiwa kufungua hata saa za amri ya kutotoka nje, wakawalisha waandamanaji na askari na wazima moto katika chumba kimoja. Baadaye ikaja adha ya kuchimba reli ya chini ya ardhi: barabara imekuwa shimo, wateja hawapiti, majirani wanafunga mmoja mmoja. Kituo kilifunguliwa 1991 na Ben's ikiwa bado inakaanga.

Chakula chenyewe ni soseji nene ya moshi iitwayo half-smoke, ndani ya mkate, na juu yake haradali, vitunguu vilivyokatwa vidogo na mchuzi mzito wa nyama ya kusaga wenye pilipili. Waislamu wenzangu, soseji hiyo ina nguruwe ndani yake. Mjomba alichukua ya ng'ombe mtupu, mchuzi uleule, na mimi nikachukua mchuzi wa maharage usio na nyama. Kaeni kaunta, msikae mezani. Pale kaunta unaona kila kitu: bamba la chuma jeusi kwa miaka, soseji zimepangwa mstari zinatoa mafuta, mpishi anazigeuza kwa koleo bila kuzitazama huku akiuliza habari za mama wa mteja. Ngozi ya soseji inapasuka mdomoni kwa mlio. Mchuzi peke yake ningeuona wa kawaida. Ukikutana na haradali na ukali wa kitunguu kibichi ndipo unapokamilika.

Mzee aliyekaa stuli ya pili alitusikia tunabishana Kiswahili kuhusu pilipili. Akageuka akasema kwa sauti, "Habari gani!" Mjomba nusura aangushe mkate. Akajibu, "Nzuri, mzee mwenzangu, sijui wewe?" Mzee akacheka, akaniambia kwa Kiingereza kwamba Kiswahili chake kinaishia hapo, pamoja na maneno saba ya Kwanzaa. Akayahesabu kwa vidole: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Alipofika la nne alirudi, akagonga kaunta kwa kidole mara mbili. "Ujamaa. Ni hapa."

Nilimfafanulia mjomba. Kwanzaa ni sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, siku saba kuanzia Desemba 26, kila siku na neno lake la Kiswahili. Kwao Ujamaa ni kujenga maduka yenu na biashara zenu na kufaidika nazo pamoja. Mjomba alinyamaza. Yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba yao ya kwanza waliiacha na miembe yake wakahamia kijijini, na neno lile analijua kwa jembe la asubuhi kwenye shamba la kijiji na foleni ya sukari kwenye duka la ushirika. Alimweleza yule mzee, mimi nikitafsiri, na mzee alisikiliza amekishika kidevu, chakula kikapoa. Kisha akauliza, "Na mlikula pamoja?" Mjomba akasema ndiyo, siku za mavuno walikula pamoja. Mzee akasema basi ni neno lilelile. Waliagana kwa kushikana mikono miwili miwili, na nimewaona watu wakiagana hivyo misibani na harusini tu.

Siku ya pili tulirudi mtaa uleule hadi Oohh's & Aahh's, mgahawa wa Oji Abbott uliopo tangu 2003. Ni mdogo, ngazi zake nyembamba, na sahani yake moja ni ya watu wawili. Hapa ndipo nataka msome polepole. Watu wote huja hapa na macho kwenye kuku na mbavu, na kuku ni mzuri kweli, lakini kwenye chakula hiki cha jadi cha Wamarekani weusi, kiitwacho soul food, ukweli uko kwenye mboga. Mjomba alifunua kontena akainusa. "Hii si sukuma wiki?" Ndiyo yenyewe! Collard greens ni ndugu wa damu wa sukuma wiki yetu. Tofauti ni moto tu. Sisi tunaikata nyembamba, tunaikaanga na kitunguu na nyanya, tunaiepua ikiwa bado inalia menoni. Wao wanaipika taratibu kwa saa nzima na zaidi mpaka inakuwa kijani cheusi na kulegea, na chini inabaki supu chungu kidogo, chumvichumvi, yenye siki. Mjomba alichovya mkate wa mahindi kwenye ile supu. Akachovya tena. Kuku wake alimsahau kabisa.

Viazi vitamu vyao vinapikwa na sukari na mdalasini hadi vinang'aa. Mjomba alisema ni futari ya viazi iliyokosa nazi, na sikuweza kumpinga. Ukikuta black-eyed peas kwenye orodha ya chakula mahali popote, hizo ni kunde, na ukikuta okra, ni bamia. Vyote viwili asili yake ni Afrika, vilivuka bahari kwenye meli za watumwa, na waliovipanda upya ni watu waliokuwa hawamiliki hata miili yao. Mimi nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Kumwona mtu wa miaka sabini na moja akitambua chakula cha mama yake kwenye kontena la plastiki, karibu maili elfu nane kutoka kwao, ni kitu kingine kabisa.

Kwa wasiokula nguruwe: kwa desturi mboga hizi hupikwa na kipande cha nguruwe cha moshi. Wapishi wengi siku hizi hutumia bata mzinga, lakini usikisie kwa rangi. Uliza kabla ya kulipa, hakuna anayeona vibaya.

Florida Avenue Grill tulikwenda asubuhi ya Jumamosi. Iko kona ya mtaa wa 11, ilianzishwa 1944 na Lacey Wilson na mkewe Bertha. Agizeni grits na katlesi za samaki. Grits ni uji mzito wa mahindi meupe, punje unazisikia ulimini, siagi inayeyuka katikati. Usiuombee sukari, ule na samaki kama unavyokula ugali.

Kwa chakula cha Kiethiopia, mtaa wa 9 una migahawa mingi, sisi tulikaa Chercher. Injera ina uchachu wa togwa iliyolala, na mjomba alikula kwa mkono bila mtu wa kumtazama, kitu alichokisubiri tangu afike. Swahili Village, ya Mkenya Kevin Onyona, ilianzia Beltsville na sasa iko pia mtaa wa M katikati ya jiji. Mbuzi wa kuchoma, ugali, kachumbari. Kama umekaa ugenini miaka, nenda, moyo utatulia. Kama mgeni wako ametoka nyumbani juzi, mwache kwanza ale asivyovijua.

Jioni ya mwisho nilimpeleka Dōgon, mgahawa wa mpishi Kwame Onwuachi, ndani ya hoteli karibu na mto. Ni ghali, bili ya watu wawili ilipita dola 150 hatujanywa kitu zaidi ya maji. Lakini wazo lake limejengwa juu ya Benjamin Banneker, mtu mweusi aliyeshiriki kupima mipaka ya jiji hili mwaka 1791, na ladha za Afrika Magharibi, Karibi na Louisiana zinakaa sahani moja bila kugombana. Weka akiba, nenda mara moja.

Mahali pamoja palituumiza, na jina nalihifadhi. Tulisubiri saa moja na nusu, chakula kikaja cha vuguvugu, na kwenye risiti walikuwa wameshakata asilimia 20 ya huduma kwa maandishi madogo chini kabisa. Mimi nikaongeza bakshishi juu yake kwa kutojua. Mhudumu aliona, hakusema. Someni risiti hadi mstari wa mwisho, popote mlipo.

Mjomba aliondoka na pakiti mbili za grits kwenye begi, katikati ya mashati. Juzi alinipigia usiku wao. Mkazamjomba ameupika uji ule mara ya kwanza, na samaki changu wa nazi pembeni, na watoto wa jirani wakaitwa. Akanitaka nimtafute yule mzee wa kaunta nimpe salamu. Jumamosi nitakwenda nikae stuli ileile.