Makumbusho ya Reli Nairobi: Nendeni kwa Ajili ya Behewa la Kima

Wageni wengi wa Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 jirani na stesheni kuu ya Nairobi, huanzia kwenye vichwa vya treni vya mvuke. Siwalaumu, kwa maana Mount Gelai peke yake, kilichoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, kina uzito wa takribani tani 252, na hakuna mtoto anayekubali kupitishwa kando yake bila kupandishwa. Mimi nilikwenda kuliona behewa lililotoka Kima, stesheni ndogo ya Ukambani kwenye reli ya zamani ya Mombasa.

Mwezi Juni 1900, mwaka mmoja baada ya reli kufika Nairobi, behewa hilo liliegeshwa Kima kwenye njia ya pembeni, kwa sababu simba alikuwa akiwasumbua watu wa stesheni. Charles Ryall, ofisa wa polisi, alishika zamu ya kumvizia huku wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakilala. Usingizi ukamchukua naye. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, na kwa kuwa behewa lilikuwa limeinama upande, mlango ukateleza na kujifunga nyuma yake. Alimkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamkamata Ryall, akatoka naye dirishani. Inasimuliwa kwamba Huebner alipokimbilia chumba cha pili aliwakuta vibarua wameushikilia mlango, na alipofanikiwa kupenya wakaufunga tena kwa vilemba vyao. Nami nisingefanya tofauti. Kisa hiki nilikuwa nimekisikia mara nyingi, lakini ni hapo tu, nikilipima dirisha kwa macho, nilipoelewa jinsi watu watatu na simba walivyobanana gizani.

Jina la Kima, ambalo pia ni nyama ya kusaga, limezaa mzaha nisiotaka kuurudia. Stesheni za aina hiyo zilihitajika kwa sababu injini za mvuke zilikuwa na kiu isiyokwisha, na treni zilizotumia njia moja zilihitaji mahali pa kupishana. Dizeli iliondoa haja ya maji. Na reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ina vituo Emali na Athi River, lakini Kima haina.

Tengeni saa mbili, na vichwa vya treni muviache viwe vya mwisho, la sivyo watoto hawatafika kwenye behewa.