Greni 115, 124 au 147? Uzoefu wangu wa risasi za milimita 9 kwenye mashindano

Siku ya mashindano, magazini zangu zinajaa risasi za greni 147. Mazoezi ya kawaida napiga za 124, ila shindano likikaribia nahamia 147 moja kwa moja. Za 115, ambazo kwa kawaida ndizo nafuu na rahisi kupatikana, nimeziondoa kabisa kwenye siku ya kuhesabiwa alama. Zote tatu nimezitumia kwenye bastola ileile, yenye mtutu wa inchi 4 na nusu, katika uwanja wetu nje kidogo ya jiji la Mwanza.

Kwa mgeni wa mchezo huu: greni hapa ni uzito wa kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka. Greni 115 ni kama gramu 7.5, 124 ni gramu 8, na 147 ni gramu 9.5. Ganda ni lilelile, bastola ni ileile. Tofauti ni uzito wa kichwa na baruti inayokisukuma.

Sasa tuje kwenye kanuni, maana bila hizo mjadala wote unakuwa wa hisia tupu. Mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kupiga shabaha kwa haraka na usahihi, hupima nguvu ya risasi yako kwa kuzidisha uzito wa kichwa kwa greni na kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Jibu lisipofika 125, utaruhusiwa kuendelea kupiga lakini hutapata alama hata moja. Ukipiga hesabu, risasi ya 115 inahitaji kasi ya futi 1,087 kwa sekunde ili ivuke mstari huo. Ya 124 inahitaji futi 1,009. Ya 147 inatosheka na futi 851 tu.

Hapo ndipo 115 iliponitoa imani. Za kiwandani nyingi zinavuka 125 bila shida kwenye mtutu mrefu, lakini kasi inayoandikwa kwenye boksi inaweza kuwa imepimwa kwa mtutu mrefu kuliko wa bastola yangu. Mtutu ukipungua, kasi inapungua. Kuna boksi moja la bei poa tulilolipitisha kwenye kipima kasi asubuhi yenye ubaridi wa ziwani, na baadhi ya risasi zake zilikuwa zinagusagusa mstari wenyewe. Nisafiri safari ndefu hadi kwenye shindano, nilipe kiingilio, halafu nikae nikiomba kipima kasi kinihurumie? Hapana. Za 147 nilizopima zilikuwa na nafasi ya kutosha juu ya 125, na kasi yake haikupishana sana kati ya risasi na risasi.

Lakini sababu kubwa iko mkononi. Mimi napiga daraja la Production, la bastola za kawaida za kiwandani, na huko kila mtu anapewa alama za kiwango kidogo: 5 kwa eneo A la shabaha, lile la katikati, 3 kwa C, 1 kwa D. Uje na risasi kali upendavyo, hakuna anayekuongezea. Kwa hiyo unachotafuta ni risasi iliyotimiza sharti na inayoiacha bastola itulie. Kichwa kizito kinachokwenda taratibu kwa kawaida huhitaji baruti kidogo, na gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu nayo inapungua. Za 115 zinaupiga mkono kwa kishindo kikali cha ghafla. Za 147 zinakusukuma kama mtu anayekusogeza kwa kiganja cha mkono. Mimi alama ya kulengea ya mbele ya bastola naiona ikipanda na kushuka, wala haipotei machoni, na risasi ya pili naiachia nikiwa najua inakwenda wapi.

Faida hiyo inaonekana kwenye karatasi ya matokeo. Alama zako zinagawanywa kwa muda uliotumia. Ukipata alama 60 kwa sekunde 10, unapata 6.0. Ukiokoa nusu sekunde huku umeteleza risasi moja kutoka A kwenda C, unapata 58 kwa sekunde 9.5, yaani 6.1, bado umefaidika. Ukiteleza mbili unashuka hadi 5.89, na haraka yako yote imekuwa hasara. Risasi tulivu inanipa ile nusu sekunde bila kuninyang'anya A zangu.

Mzee mmoja tunayepiga naye, mtu ninayemheshimu sana kwa shabaha, hakubaliani nami. Anasema 147 inafika imechelewa, bamba la chuma linalia wakati yeye ameshaondoa macho. Nimemwambia hivi: mzee wangu, kwa mita 20, tofauti ya kufika kati ya 147 na 115 ni kama sehemu moja au mbili za mia za sekunde. Kinachomsumbua nadhani ni mwendo wa bastola yenyewe, ambao kwa 147 unahisi wa pole, na mkono uliozoea kishindo unaona kama kitu kimekwama. Hilo ni kweli na linahitaji kuzoewa. Bastola za watu wengine hazitaki kabisa. Ya kwangu haijawahi kukwama kwa sababu ya 147, lakini siwezi kusemea ya jirani.

Jambo la kuangalia sana ni mahali risasi inapotua. Kichwa kizito kinakaa mtutuni muda mrefu kidogo zaidi huku bastola ikiwa imeanza kupanda, hivyo 147 inapiga juu kuliko 115 kwa alama zilezile za kulengea. Kwa mita 10 ni jambo dogo. Kwa mita 25 kwenye kibamba kidogo, linakunyima alama. Ndiyo maana siku za mwisho sichanganyi.

Na joto letu hili, tafadhali, msiache maboksi kwenye gari lililoegeshwa juani mchana kutwa. Baruti iliyopashwa moto inasukuma kwa nguvu zaidi, na kipimo chako cha jana hakikuambii tena ukweli.

Kama bastola yako ina mtutu mfupi na 147 hazipatikani dukani kila unapokwenda na kibali chako, chukua 124 na utulie nazo. Zinavuka mstari kwa raha kuliko 115, mwendo wake hauhitaji kuzoewa upya, na kwangu zinatua karibu na pale pale zinapotua 147. Nunua maboksi ya toleo moja, yanayotosha mazoezi ya mwisho na shindano lenyewe.